Nyuki wa Kitabuni na Nyuki wa Darini



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii tumeiweka kando mada tuliyokuwa nayo kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka Nairobi. Ameiandika mama mmoja mwenye asili ya Mombasa, aliyeolewa huko na kukaa Kileleshwa, katika mojawapo ya nyumba chache za zamani zilizosalia baina ya maghorofa mapya. Mwanawe wa kiume ana miaka minane. Siku za wiki husoma skuli, na Jumamosi na Jumapili husoma madrasa. Katika kitabu chake cha Kiingereza mna picha ya nyuki mnene, wa mviringo kama tonge, mwenye manyoya ya manjano na meusi. Barazani kwao, katika boriti za mbao zinazoshika paa, wamo wadudu weusi wakubwa wenye mvumo mzito, wanaoingia na kutoka katika matundu waliyoyachimba wenyewe. Mtoto ameshika kuwa hao ndio wa kitabuni. Baba yake ameazimia kumleta mtu wa kupuliza sumu. Mtoto akalia, akasema ustadhi wa madrasa amewafundisha kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza nyuki kuuawa. Na juu ya hayo, katika dari ya jirani, nyuma ya ua, nyuki wa asali wamefanya makao tangu mvua zilipoanza, na jirani amesema atawachoma moto usiku.

Mama anauliza: je, hawa wote ni nyuki wa Surat An-Nahl? Na hukumu yao ni moja?

Wanazuoni wetu husema kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa. Ndani ya barua hiyo wamo nyuki watatu, nao wote wamebebeshwa jina moja. Hatuwezi kusema lolote juu ya sumu na moto kabla ya kuwatenganisha.

Tuanze na yule wa kitabuni. Waingereza wamempa jina linalotokana na uvumaji wake. Sisi katika makala hii tutamwita nyuki manyoya, kwani jina lililozoeleka katika Kiswahili chetu hana, na sababu yake ni nyepesi: hayuko kwetu. Aina zake zinakaribia au kupita 250, nazo zimeenea Ulaya, Asia na Amerika, na baadhi yao huishi mbali sana kaskazini, katika baridi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Barani Afrika anapatikana pembe ya kaskazini tu, katika nchi kama Morocco, Algeria na Tunisia. Kusini ya Sahara hapana hata aina moja ya asili. Mtoto wa Kileleshwa anaweza kutembea kutoka bustani ya miti ya Arboretum hadi msitu wa Barabara ya Ngong, akapekua kila ua, asimwone. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa Uingereza ambaye humwona nyuki huyo dirishani kwao kila majira ya kuchipua, kisha kikauzwa Nairobi bila ya neno kubadilishwa. Hatusemi kitabu ni kiovu. Tunasema mtoto amefundishwa nyuki wa watu kabla ya kufundishwa nyuki wake, na hilo si kosa la mtoto.

Manyoya yale si pambo. Nyuki huyo huyatetemesha maungo yake ya kurukia bila ya kuruka, akapata joto, na manyoya yakalihifadhi joto hilo, hata akaweza kutoka asubuhi ya ukungu ambapo wadudu wengine wangali wameganda. Lakini linalomtofautisha zaidi na nyuki wa asali ni namna anavyoupokea mwaka. Baridi inapokaribia, kundi lake lote hufa: mama mkuu wa zamani, mabinti zake watenda kazi, na madume. Husalia malkia vijana tu, waliokwisha kupandwa, na kila mmoja hujichimbia ardhini peke yake, akalala miezi mingi. Majira ya joto yakirudi, huzinduka, akatafuta shimo, mara nyingi lililohamwa na panya, akafinyanga kijungu kidogo cha nta cha kuwekea asali, akataga mayai na kuyaatamia kama kuku. Mabinti wake wa kwanza wakishakua, humpokea kazi za nje, naye akabaki ndani akitaga. Kundi hilo likinenepa sana hufikia mamia machache. Asali yao ni ya vijungu vichache, ya kuvukia siku mbili tatu za mvua, na hakuna anayefikiria kuirina.

Nyuki wa asali ni umma mwingine. Kwao hapana mtu mmoja anayeweza kuishi peke yake. Malkia wao hajui kujenga nta wala kutafuta chakula. Asipolishwa na mabinti zake hufa. Wanapotaka kuanzisha makao mapya hawatumi mmoja, bali maelfu yao huondoka pamoja na malkia wa zamani, wakawaachia waliobaki nyumba, masega na malkia mpya. Ndilo lile bumba la nyuki ambalo watu wa Nairobi huliona limening'inia kwenye mti au kwenye nguzo ya taa katikati ya mji, watu wakavuka barabara kwa mbio. Kundi lililotulia huwa na makumi ya maelfu ya nyuki, na linaweza kudumu miaka, ingawa mtenda kazi mmoja mmoja, akiwa katika msimu wa kazi, haishi zaidi ya wiki sita hivi.

Kwa kuwa kundi halifi, lazima lile wakati maua hayapo. Hiyo ndiyo asili ya asali. Ile chupa tunayoiweka kabatini kwa ajili ya kikohozi cha watoto ni akiba ya kiangazi cha watu wengine. Hukadiriwa kuwa nyuki mmoja, katika umri wake wote, hutengeneza yapata sehemu ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Kila tunapochovya kijiko kizima, tumekula umri wa nyuki dazeni moja. Nyuki manyoya hahitaji akiba hiyo, kwani anayeubeba ukoo wake hadi mwaka wa pili ni mmoja tu, naye amelala.

Wanafanana wapi basi? Wanafanana katika mengi, na hapo ndipo watoto wanapochanganyikiwa. Wote wawili ni wa ukoo mmoja wa nyuki. Wote hula utamu wa maua na unga wake, ambao vitabu vyetu vya skuli huuita chavua, na wote huubeba unga huo katika vikapu vidogo vilivyomo kwenye miguu ya nyuma. Wote hutoa nta mwilini. Kwa wote, kazi ya nyumba na ya nje ni ya majike. Dume hana mwiba na hana kikapu. Watokapo hapo huachana tena. Masega ya nyuki wa asali yamepangwa kwa vyumba vya pembe sita vilivyolingana, ambapo ndani ya kiota cha nyuki manyoya mna vijungu vya duara vilivyorundikwa kama vyungu katika jiko la mama aliyekosa rafu. Nyuki wa asali akipata maua mengi, hurudi mzingani akacheza, na kwa mchezo huo akawaonyesha wenziwe upande na umbali wa kwenda. Karl von Frisch, mtaalamu kutoka Austria, alitunukiwa Nobel mwaka 1973 kwa kuifasiri lugha hiyo. Nyuki manyoya hurudi kwao akahangaika huku na huku, wenziwe wakajua tu kuwa nje kuna chakula chenye harufu fulani, ila hawaelekezwi mahali.

Na mwiba wao si mmoja. Mwiba wa nyuki wa asali una meno kama ndoana. Akikudunga, hukwama katika ngozi yako pamoja na kifuko cha sumu, naye akafa. Mwiba wa nyuki manyoya ni laini, anaweza kuuchomoa na kudunga tena, lakini ni mpole, na hadungi ila amebanwa au kiota chake kimevamiwa.

Sasa turejee kwenye Sura. Katika aya ya 68 na ya 69 za Surat An-Nahl, Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa amempa nyuki ilhamu ya kufanya nyumba katika majabali, katika miti na katika yale wanayoyajenga watu, ale katika matunda ya kila namna na azipite njia za Mola wake zilizofanywa nyepesi. Na kwamba hutoka matumboni mwao kinywaji cha rangi mbalimbali ambacho ndani yake mna ponyo kwa watu. Anayeisoma aya hiyo na kumjua mnyama mwenyewe hahitaji kubahatisha. Mwenye kutoa kinywaji hicho cha kuwatosha watu ni nyuki wa asali. Na yule bumba aliyeingia darini kwa jirani wa Kileleshwa ameingia katika makao ya tatu yaliyotajwa, yale ambayo watu wameyajenga. Hakupotea njia.

Tuseme neno moja pembeni, kwa kuwa tumeulizwa mara nyingi. Amri zilizomo katika aya hizo, za kufanya nyumba, kula na kupita, zimekuja kwa tamko la kike, na wapo wanaosimama juu ya mimbari kulifanya hilo kuwa ushahidi mkubwa dhidi ya watu wa kale waliodhani kuwa mkuu wa nyuki ni mfalme. Ni kweli kuwa Aristotle na wengi baada yake walimwita mfalme, na ni kweli kuwa mtenda kazi ni jike. Lakini wanazuoni wa lugha wametaja kuwa watu wa Hijazi walilitumia neno nahl kwa jinsi ya kike katika maneno yao ya kila siku. Mwenye kujenga hoja yake yote juu ya herufi hiyo amejenga mahali pembamba. Qur'ani haihitaji tuisaidie kwa hoja isiyosimama.

Nyuki wa darini mwa jirani wana jambo jingine ambalo mama huyo, kwa kuwa amekulia pwani, huenda asilitarajie. Nyuki wa asali wa Mombasa, Kilifi na Lamu si sawasawa na wale wa Nairobi. Wataalamu huwagawa: wa ukanda wa pwani ni kabila moja, wa nyanda za juu ni kabila la pili, na juu ya milima mirefu wapo weusi wa kabila la tatu. Hawa wa nyanda za juu, wanaoitwa kwa jina la kitaalamu scutellata, ndio waliopata sifa duniani kwa ukali. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka kusini mwa Afrika na kutoka Tanganyika akawapeleka kwao, apate nyuki watakaostahimili joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Wakachanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwako, wakaenea nchi baada ya nchi, na kufikia 1990 walikuwa wamefika Texas, nchini Marekani. Huko wamewapa majina ya kutisha na kuwatengenezea filamu. Kwetu ni nyuki tu, tuliowazoea kwa kuwaheshimu kwa mbali. Ukali wao una sababu: bara hili lina nyegere, siafu na watu warina asali kwa moshi tangu zama za kale, na kundi lisilojilinda halikubaki kusimulia.

Kwa hiyo katika ua ule mmoja, wa kuogopwa ni wadogo wa kahawia walioko kwa jirani, wala si wakubwa weusi walioko barazani. Nyumba nyingi hugeuza: huwakimbia wakubwa kwa sababu ya mvumo, na watoto wakaachiwa kurusha mawe kwenye dari yenye mzinga.

Huyo mkubwa mweusi ni nani? Ni nyuki seremala, ndivyo wataalamu wanavyomwita kwa kazi yake. Nairobi anazo aina kadhaa. Jike la aina moja ni jeusi lenye mikanda miwili ya manjano au myeupe mwilini, na dume lake ni la manjano mwili mzima, hata mtu akadhani ni wadudu wawili tofauti. Tumbo lake kwa juu hung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, ambapo la nyuki manyoya limefunikwa. Kwa alama hiyo moja mtoto anaweza kuwatenganisha bila kusogea karibu.

Hana mzinga, hana malkia, hana nta, hana asali ya kurinwa. Jike huchagua mbao kavu iliyo laini na isiyopakwa rangi, na boriti za sipresi ambazo nyumba nyingi za Nairobi zimejengewa humfaa sana. Hutafuna tundu la mviringo kama limepigwa kwa keekee, unga wa mbao ukaanguka chini, kisha akakunja kona akafuata urefu wa mbao. Ile mbao hailiwi, kwani yeye si mchwa. Ndani hutengeneza andazi la chavua na utamu wa maua, akaweka yai moja juu yake, akaziba kwa ukuta wa unga wa mbao, akaanza chumba cha pili. Watoto wake huwa wachache. Dume hulinda anga ya mahali hapo kwa vitisho vikubwa, akasimama hewani mbele ya uso wa mtu, naye hana mwiba wa kumdunga hata sisimizi. Jike anao, lakini mtu hadungwi ila amemshika kwa mkono.

Mtoto amekosea jina, lakini macho yake hayakumdanganya sana. Nyuki seremala anafanana na nyuki manyoya katika jambo moja ambalo nyuki wa asali hana. Nyanya na bilingani hufungia chavua ndani ya vijaluba vyenye kitobo kidogo mwishoni, mfano wa kikopo cha chumvi cha mezani. Nyuki wa asali hajui kukitikisa kikopo hicho. Nyuki manyoya hulikumbatia ua, akavuma kwa nguvu bila kupiga mbawa, na chavua ikamwagika. Ndiyo sababu tangu 1987 Wazungu wamekuwa wakimfuga kwa biashara na kumtia katika mabanda ya nyanya. Nyuki seremala wetu hufanya vivyo hivyo. Utafiti uliofanywa Nguruman, kaunti ya Kajiado, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwataja wachavushaji wawili wa bilingani za wakulima wa huko: mmoja ni nyuki seremala, na wa pili ni nyuki mdogo wa porini. Ua la pasheni nalo ni pana mno kwa nyuki wa asali. Hula na kuondoka bila kugusa panapotakiwa, na pasheni ya manjano, isiyoweza kujizalisha kwa ua lake yenyewe, humngoja huyu mkubwa ampitishie unga kwa mgongo wake. Na maua ya mbaazi za Makueni na Kitui, ambazo sisi huzitia tui tukala na mahamri, ni katika maua anayoyatembelea.

Pengine msomaji atasema: kama nyuki manyoya ana manufaa hayo, kwa nini asiletwe? Chile walimleta yule wa Ulaya katika miaka ya 1990 kwa ajili ya nyanya. Akatoroka, akavuka milima hadi Argentina, na nyuki manyoya wao wa asili, mkubwa wa rangi ya machungwa, ametoweka katika sehemu nyingi alizokuwa akiishi. Aliyenaye seremala nyumbani hana haja ya kuagiza fundi wa ng'ambo.

Tuje kwenye hukumu. Hadithi aliyoikusudia ustadhi wa mtoto imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuuawa wanyama wanne, akiwamo sisimizi na nyuki. Nyuki wa dari ya jirani ameingia humo kwa jina lake, bila ya kiasi wala taawili. Lakini sheria yetu haimwachi mtu adhurike ndani ya nyumba yake. Kanuni ni kuwa madhara huondolewa, na mwenye kushambulia huzuiliwa kwa lililo jepesi kabla ya lililo zito. Kuhamishwa kwa kundi ni jepesi. Kuuawa ni zito. Na moto una makatazo yake mwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi mmoja, akakichoma kijiji chao chote, na Mola wake akamlaumu kwa kuuteketeza umma mzima kwa kosa la mmoja. Jirani asomewe habari hiyo kabla ya kununua petroli. Aidha petroli ndani ya dari ya mbao huchoma nyumba kwanza.

Nairobi hakosi wa kumsaidia. Taasisi ya kitaifa ya ufugaji nyuki iko Lenana, kando ya Barabara ya Ngong, si mbali na hapo, na nchi hii ndiyo iliyoupa ulimwengu mzinga wa vipande vya juu unaoitwa kwa jina la Kenya, uliokuzwa katika miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Wakanada. Mfugaji mwenye vazi na moshi huja jioni, akalikata sega na kulitia mzingani pamoja na malkia, na nyuki huwa ni wa huyo aliyewatia mzingani. Masega yote yatolewe na ufa uzibwe, kwani harufu ya nta huliita kundi jingine msimu ujao. Ikiwa wamekwisha kushambulia watu na hapana njia ya kuwahamisha, hapo kuwaua kunaruhusiwa kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kiasi chake.

Ama nyuki seremala wa barazani, hatuoni kuwa ndiye aliyekusudiwa kwa neno nahl kama Waarabu walivyolitumia, na hatupendi kumtisha baba wa mtoto kwa hadithi isiyomhusu moja kwa moja. Lakini kuua kiumbe bila ya haja kumekemewa kwa ujumla wake, na haja hapa ni mbao. Basi mbao zihifadhiwe. Kuwatia sumu hakufai kitu, kwani tundu likibaki wazi, mwingine atalirithi. Wangojewe hadi watoto watoke, matundu yazibwe kwa vijiti na gundi, kisha boriti zipakwe rangi au vanishi. Mbao iliyopakwa hawaipendi. Nyuma ya ua liwekwe gogo kavu wahamie huko. Boriti iliyochimbwa miaka mingi hadi ikalegea ibadilishwe na fundi, hilo ni jambo la usalama.

Limebaki la kina mama. Nyuki wa asali anapolinda nyumba yake huelekea vilivyo vyeusi, na manukato makali humchokoza. Buibui jeusi lililofukizwa udi, karibu na dari yenye nyuki, ni jambo la kutahadhari nalo. Pitieni upande mwingine wa ua hadi watakapohamishwa. Akikudunga mmoja, mwiba wake hutoa harufu iliyo karibu na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo wito kwa wenziwe. Usisimame kumpiga. Jifunike uso kwa mtandio, mshike mtoto, ukimbilie ndani na mlango ufungwe. Kisha mwiba ukwanguliwe upesi kwa ukucha, kwani kifuko chake huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki kuondoka. Paoshwe kwa sabuni na pawekwe kitu cha baridi. Aliyevimba midomo au ulimi, au akatokwa na vipele mwili mzima, au pumzi ikambana, asipakwe dawa ya nyumbani wala asingojewe apate nafuu. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama amedungwa mara moja tu.

Wabillahi t-tawfiq.